Kichwa Kilichoibwa kwa Sabuni

Niseme mapema, ili msomaji asinitafutie wema ambao sikuwa nao: yule mtu nilimchukia. Miaka minne niliyofanya kazi chini yake niliilea chuki hiyo kama mama wa nyumba anavyomlea kuku wa kutaga, na haikuninyima yai. Alipenda kuitwa foromani. Mimi humu nitamwita nyapara, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na kwa sababu leo anayesimulia ni mimi.

Gereji yetu ilikuwa Ngara, nyuma ya duka la vipuri. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzee, mtu mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Yeye aliuza vipuri mbele, nyuma akamwachia nyapara. Tulitengeneza pikipiki ndogo za Kijapani, zile za moshi wa buluu zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Siku za kazi matarishi wa ofisi za mjini walizipanda kupeleka barua, na Jumapili wenye nafasi walizipeleka viwanjani kushindana. Jumatatu walizileta zimekufa, nasi tukazifufua.

Mimi nilikuja Nairobi kutoka magharibi miaka michache baada ya Uhuru. Nilikaa Woodley kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, karani wa serikali na mzee wa kanisa, aliyenipa chumba cha nyuma na kunikataza pombe. Nyapara yeye alikuwa mtu wa Kinoo, huko juu kwenye barabara ya Nakuru. Kila asubuhi aliteremka kwa pikipiki kuja kazini na kila jioni akapanda nayo kurudi. Safari zake zote za dunia zilikuwa kilima hicho kimoja, na aliyajua mashimo yake kama meno ya kinywani mwake.

Injini ya mapigo mawili, kama za pikipiki hizo, haina mambo mengi. Kichwa chake hakina valvu wala fito. Ni kifuniko cha aluminiamu tu, chenye mapezi ya kupozea kwa juu na tundu la plagi katikati. Mafundi wengi walikidharau kwa sababu hiyo. Wakitaka pikipiki iende kasi, walikimbilia kutoboa ekzosi ipige kelele, au kupanua matundu ya silinda kwa tupa, na kichwa wakakipangusa vumbi na kukirudisha mahali pake. Mimi nilikipindua nikakitazama upande wa ndani.

Ndani kuna kibakuli, ambamo moto huwaka, na kibakuli hicho kimezungukwa na ukingo. Pistoni ikipanda, huukaribia ukingo huo hadi nusura igusane nao. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulionaswa pembeni unakosa pa kwenda ila katikati, na hukimbilia huko kama upepo. Chukua kitabu kikubwa cha nyimbo, kifungue mbele ya mshumaa, kisha ukifunge ghafla, utaona mwali unavyoyumba. Kasi ya upepo huo ndiyo kazi yote. Ukiacha nafasi kubwa, upepo unakuwa mvivu, petroli inabaki pembeni ikichemka mpaka inalipuka yenyewe bila kungoja plagi. Ukibana mno, pistoni inagonga kichwa. Na hata isipogonga, upepo mkali kupita kiasi unaufanya moto uwake kwa hasira, joto lote likaishia juu ya pistoni. Katikati ya makosa hayo mawili kuna mahali padogo sana ambapo injini inaimba.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu vichwa vilivyotupwa. Nafasi ya ukingo niliipima kwa waya laini ya kulehemu: unaipenyeza kwenye tundu la plagi hadi iguse ukuta wa silinda, unakanyaga kiki polepole, pistoni inaibana, unaitoa ikiwa imelala bapa, kisha unaipima kwa mikrometa. Lakini lazima uipime pande mbili, kwa kufuata mstari wa pini ya pistoni, maana upande mwingine pistoni huyumba na waya hukudanganya. Kibakuli nilikipima kwa sirinji ya zahanati iliyojaa oili, nikiandika kwenye karatasi kimemeza kiasi gani. Wenzangu walinicheka. Walisema nimeacha ufundi nimekuwa daktari.

Kichwa changu cha kwanza kilichofaa nilikikata mwaka wangu wa pili pale. Nilikifunga kwenye pikipiki ya tarishi mmoja, akapanda kilima cha Kangemi kwa gia ya juu bila kushusha hata mara moja. Alirudi amevua kofia. Jioni hiyo nyapara aliichukua pikipiki ile, akasema anataka kuijaribu, akaenda nayo mpaka Kinoo. Asubuhi aliirudisha. Alisimama kando ya meza yangu akiigusagusa sirinji, kisha akasema, "Hii kitu iko sawa," akaenda zake.

Nilidhani nimesifiwa. Kumbe nilikuwa nimepimwa.

Jumamosi moja nilikiacha kichwa kingine kama kile juu ya meza, kimefungwa kwa kitambaa. Jumatatu nilipokishika kilikuwa kinateleza, na nilipokinusa, kilinuka sabuni. Nilikipeleka mwangani. Kwenye hesi za tundu la plagi kulikuwa na vipande vidogo vya buluu, ile sabuni ya mche ambayo kila nyumba ya Nairobi ilifulia nguo. Sikuhitaji kuelezwa. Wezi wa mjini waliiba funguo namna hiyo hiyo: unaukandamiza ufunguo kwenye sabuni, unaurudisha mfukoni mwa mwenyewe, na unaondoka na sura yake. Nyapara alikuwa amekandamiza sabuni kwenye kibakuli changu, akaitoa ikiwa na umbo la kazi yangu, na ufunguo wa mashine ya kukereza, ambayo mimi niliitumia kwa ruhusa yake saa za chakula tu, ulikuwa mfukoni mwake yeye peke yake.

Wiki ile ile vichwa vitatu vilitoka vikiwa na kibakuli changu na ukingo wangu. Yule mzee mwenye gereji aliwaambia wateja kwamba foromani wake amevumbua kitu. Wateja wakakiita kichwa cha Kinoo, na jina likashika. Watu walitoka Westlands na Kawangware kukitafuta.

Nilimfuata nyapara nikamwambia, "Mzee, hiyo kichwa ni yangu. Nimeikata mimi."

Hakuona hata haya. Alikuwa anakula ndizi. "Iko na jina yako?" akauliza. "Chuma ni ya Mhindi. Mashine ni ya Mhindi. Foromani ni mimi. Yako ni nini hapa? Jasho? Jasho hata punda iko nayo."

Watu walicheka. Kesho yake alinitoa kwenye meza ya injini akanipeleka kwenye karai la mafuta ya taa, kuosha vyuma. Nilikaa hapo miezi minane. Mikono yangu ilibabuka, ikanuka, hata kanisani watu wakawa wanafungua madirisha nikikaa karibu nao. Na kila siku nilimsikia akiwaeleza wateja kazi yangu, akiieleza vibaya. Alisema kichwa kinapiga nguvu kwa sababu kibakuli ni laini. Laini! Kuhusu ukingo hakuwahi kusema lolote, wala kuhusu upepo, maana sabuni humpa mtu umbo bila kumpa sababu zake.

Hapo ndipo nilipojua ninachokitaka. Sikutaka afukuzwe, wala sikutaka aniombe radhi. Nilitaka siku moja tu asimame mbele ya mwenye gereji na wateja, aulizwe kwa nini kichwa chake kimefanya kilichofanya, na akose jibu. Kisha nijibu mimi. Nililala na picha hiyo, nikaamka nayo.

Krismasi ya mwaka huo niliazima pikipiki yenye kichwa cha aina yangu, nikaenda nayo nyumbani magharibi. Njia ya juu yote ilikwenda vizuri. Lakini nilipoanza kuteremka milima kuelekea Kisumu, injini ilianza kutoa sauti niliyokuwa sijaisikia Nairobi, kama changarawe ndani ya mkebe. Nilizima, nikatoa plagi. Ncha yake ilikuwa imetapakaa vitone vya aluminiamu, vidogo kama chumvi. Hiyo ilikuwa pistoni yangu inaanza kuyeyuka.

Nilikaa kando ya barabara nikifikiri, na nilipopata jibu nilijiona mjinga. Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Injini hapa huvuta pumzi nusu, kwa hiyo unaweza kukipunguza kibakuli na kuubana ukingo hadi karibu na kugusana, na isilalamike. Iteremshe kwenye hewa nzito na pumzi inajaa. Kibakuli kile kile sasa ni kidogo mno, upepo ule ule sasa ni mkali mno, na petroli iliyotosha kule juu haitoshi tena kupoza moto. Safari iliyobaki nilikwenda polepole kama mtu aliyebeba mayai. Nyumbani nilitoboa jeti ya kabureta iruhusu petroli zaidi na nikaongeza gaskiti ya pili chini ya kichwa ili kukiinua kidogo, na kelele ikaisha.

Nilirudi Nairobi na elimu hiyo, nikaifungia kifuani. Nyapara hakuweza kuwa nayo. Mtu wa Kinoo anayeteremka hadi Ngara na kurudi hajawahi kukutana na hewa nzito maishani mwake.

Katikati ya mwaka uliofuata, wateja wetu wakubwa walialikwa kwenye mashindano Mombasa. Nyapara, ambaye alijiona mpanda pikipiki hodari, alisema atapanda ya gereji mwenyewe. Mwenye gereji akafurahi, akataka kichwa kikali zaidi kwa ajili ya siku hiyo. Sasa nyapara alikwama, maana aliyezoea kuiba umbo hana umbo la pili. Alizunguka siku mbili, kisha akaja kwenye karai langu na tabasamu lililomkaa kama kiatu cha kuazima.

"Wewe bwana, wacha hiyo mafuta ya taa," akasema. "Rudi meza. Jaribu-jaribu kitu. Ufunguo nitakupa saa ya chakula."

Hakutaja Mombasa. Hakujua kwamba nimeshasikia, na mimi sikumwambia.

Nilikikata kichwa kile kwa siku tisa, saa za chakula. Naapa sikutia uongo ndani yake hata kidogo. Kilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya kabla au baadaye: ukingo mpana kidogo, umefuata mwinuko wa pistoni kwa usahihi hata waya ilitoka na unene mmoja kila upande; kibakuli kidogo, kimezama moja kwa moja chini ya plagi. Kwa hewa ya Nairobi kilikuwa kinafika kwenye ukingo wa hatari na kusimama hapo. Nilikijaribu mwenyewe hadi Kinoo na kurudi, nikapita karibu na nyumba ya nyapara nikicheka ndani ya kofia. Jumamosi adhuhuri nilikifunga kwa kitambaa, nikakiacha juu ya meza, nikaenda zangu.

Jumatatu kilinuka sabuni. Nilifurahi, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Nilikirudisha kwenye sanduku langu la vyombo, nikaendelea na kazi nikipiga mluzi wa wimbo wa kanisa. Jumatano pacha wake alikuwa tayari amefungwa kwenye pikipiki ya gereji.

Sasa nieleze jambo ambalo miaka mingi nililitumia kujitetea. Nilimwonya. Alhamisi, siku moja kabla hawajapakia pikipiki kwenye treni, nilimwambia waziwazi. Lakini nilichagua wakati. Kila saa kumi nyapara alikunywa chai peke yake nyuma ya ghala, na hapo angekusikiliza, maana alikuwa mwoga wa kutojua na angechukua ushauri wa yeyote kama hakuna anayemwona. Sikumfuata hapo. Nilingoja awe amesimama na wateja wanne, mguu mmoja juu ya pikipiki, akiwaeleza jinsi atakavyowaacha Waswahili wa pwani. Ndipo nikasema kwa sauti, "Mzee, huko chini hewa ni nzito. Hiyo kichwa itachoma pistoni. Badilisha jeti, ongeza gaskiti."

Wateja wakamgeukia. Nilimwona akisita. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kuuliza, na kama ningenyamaza huenda angeuliza. Nikaongeza, "Ama uliza mwenye aliikata."

Hilo lilimfunga. "Hewa ni hewa," akasema. "Wewe rudi kwa karai yako." Wateja wakacheka, naye akacheka zaidi yao wote.

Walipanda treni Ijumaa. Mashindano yalikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi nilikuwa Woodley, tukinywa chai na shemeji yangu uani, na kwa sababu furaha ilikuwa imenijaa nikamsimulia yote: sabuni, hewa, jeti, na jinsi nilivyomwonya. Nilitegemea asifu akili yangu. Yeye alikuwa mtu wa makaratasi, mtu wa kuuliza barua imepita mikononi mwa nani.

"Ulimwambia mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele ya wateja."

"Na ulijua atakataa."

Nikajimiminia chai. Akatazama saa yake. "Posta inafungwa saa sita. Shemeji, twende tukapige simu ya maandishi. Maneno matano yanatosha. Itamfika leo."

"Ataichana," nikasema.

"Basi aichane yeye."

Nilimwambia nina kazi. Nilitoa baiskeli yangu nikaanza kuiosha, ingawa nilikuwa nimeiosha jana yake. Shemeji alisimama mlangoni amevaa koti lake la kazini, kofia mkononi, tayari kutoka. Alisimama hapo muda mrefu. Sikuinua uso. Niliosha spoki moja moja, mpaka nikasikia king'ora cha saa sita kutoka mjini, na yeye akaingia ndani akalivua koti.

Jumatatu simu ililia dukani. Mwenye gereji aliisikiliza, akarudi nyuma kwetu akiwa amevua miwani. Nyapara alikuwa anaongoza, alisema, tena kwa mbali. Mzunguko wa tatu, kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, pistoni ilitoboka na kuyeyukia silinda, gurudumu la nyuma likafunga, akarushwa. Paja lilikuwa limevunjika mara mbili. Mwenzetu mmoja akanong'ona, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na wengine wakaziba midomo.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Nilikunja ngumi nikazipigiza magotini, nikasema "Ndiyo! Ndiyo!" kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo kweli. Furaha ile ilikuwa ya moto na tamu, na ilidumu siku nzima. Jioni sikuweza kumtazama shemeji, lakini furaha sikuitupa. Nilikuwa bado naingoja siku yangu, na sasa ilikuwa njiani.

Ilifika baada ya miezi mitatu. Nyapara alirudi kwa magongo, amekonda, suruali imekatwa upande mmoja kuachia plasta. Mwenye gereji alikuwa ameihifadhi injini ile bila kuifungua, kwa sababu wateja walitaka kujua kama vichwa vyao navyo vitawaua. Waliitwa wote, watu wanane au tisa, wakasimama kuizunguka meza. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua nati. Pistoni ilikuwa na tundu ambalo shilingi ingepita. Ukingo wa kichwa ulikuwa umetafunwa kama muhindi ulioliwa na panya.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kitambaa changu, na ndani yake kichwa changu, kile cha asili. Alikuwa amekikuta kwenye sanduku langu alipokuwa akitafuta spana. Akaviweka vyote viwili sambamba, kizima na kilichotafunwa. Kibakuli kwa kibakuli, ukingo kwa ukingo, vilikuwa mapacha.

"Hii mbili ni mkono moja," akasema. "Nani alikata? Na huyo mwenye alikata, alijua itafanya hivi Mombasa?"

Hii ndiyo ilikuwa siku yangu. Watu wote walikuwepo. Swali lilikuwa lile lile nililoliota juu ya karai la mafuta ya taa, na jibu nilikuwa nalo lote, kuanzia waya ya kulehemu hadi mteremko wa Kisumu. Nilifungua mdomo. Na hapo ndipo nilipoliona shimo. Nikisema nimekikata mimi, swali la pili linanisubiri, na jibu lake ni ndiyo: nilijua. Nilijua kabla hakijaibwa, nilijua nilipokiacha mezani, nilijua Jumamosi na posta imefunguliwa. Kuidai kazi yangu ilikuwa kulidai na paja la yule mtu.

Nilimtazama nyapara. Alikuwa ananitazama tayari. Macho yake yalikuwa yametulia, na nikajua kwamba katika miezi mitatu ya kulala chali amelifikiri jambo hili lote, kitambaa na saa za chakula na maneno yangu ya Alhamisi, na amelimaliza.

"Ni mimi," akasema. "Zote mbili nilikata mimi. Hiyo moja ilikuwa ya kujaribu, nilimpa huyu aniwekee. Mombasa sikujua. Ni makosa yangu."

Mzee akanigeukia. "Ni kweli?"

Wote walinitazama. Nikasema, "Ni kweli, mzee."

Mpaka leo sijui alisema vile kwa nini. Labda alitaka kunisitiri, na hilo siwezi kulivumilia, maana mtu niliyemvunja mguu hana haki ya kunitendea wema. Labda alikuwa mwizi hadi mwisho, asiyeweza kukitema alichokimeza hata kikiwa kinamchoma koo. Nimelipindua miaka yote hii nikalitazama kila upande. Ninalolijua ni kwamba mara ya kwanza aliniibia nikiwa sipo, na mara ya pili nilimkabidhi mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Mguu wake haukupona vizuri. Aliacha kazi kabla mwaka haujaisha, akabaki Kinoo na ng'ombe wake. Nikapewa nafasi yake na ufunguo wa mashine. Wateja waliogopa kwa miezi michache, kisha wakasahau, kisha wakarudi. Nilivikata vichwa vile miaka mingine saba, nikimwuliza kila mtu pikipiki yake inakwenda wapi, na kwa wanaoshuka chini nilipanua kibakuli. Vilikuwa vizuri kuliko vya zamani. Watu walivisifu mpaka Ngong.

Siku moja alikuja mtu mgeni, tarishi wa ofisi moja ya mjini, ameagizwa na mwenzake. Aliangalia meza, akaangalia nywele zangu zilizoanza kuwa nyeupe.

"Natafuta ile kichwa ya mzee wa Kinoo," akasema. "Nasikia alienda. Kuna mtu hapa alimfundisha kukata?"

Nikamwambia yupo, ni mimi, nikamwonyesha pa kuiegesha pikipiki.